Kunyamaziana chumbani si heshima

Mwalimu wa sekondari anaweza kusimama mbele ya wanafunzi wake, akachora ubaoni viungo vya uzazi vya mwanamke na mwanamume, akaeleza jinsi mimba inavyotungwa, wala sauti yake isitetemeke. Mganga wa zahanati aweza kutaja njia zote za uzazi wa mpango kwa kuhesabu vidole. Ofisa wa wilaya husoma taarifa ya UKIMWI katika kikao cha baraza la madiwani, kurasa kwa kurasa, na wajumbe wakampigia makofi. Lakini jioni watu hao hao wakirudi nyumbani na mlango ukafungwa, wengi wao hawana hata sentensi moja ya kumwambia mke au mume juu ya mambo hayo hayo waliyoyahubiri mchana kutwa.

Ukimya huo tumeupa jina zuri. Tunauita heshima. Twasema kwamba mke mwenye adabu haulizi, na mume mwenye haiba haelezi. Makala haya yanakusudia kulipinga jina hilo. Katika nyumba ambamo hakuna anayesema, uamuzi haukosekani. Ama huamua mmoja peke yake kwa siri, ama huamua bahati. Na gharama ya uamuzi wa namna hiyo hulipwa kwanza na mwili wa mwanamke, kisha na ada za shule za watoto, na mara nyingine hulipwa kwa uhai.

Lazima ikubalike kwamba taifa letu kama taifa halikunyamaza. Huduma za uzazi wa majira zilianza Dar es Salaam mwaka 1959 kwa juhudi za chama ambacho baadaye kilijulikana na wote kwa jina la UMATI. Mwaka 1969, alipokuwa akiueleza Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere aliwakumbusha wananchi kwamba kuzaa si kazi ngumu, kazi ni kulea, na kwamba idadi ya watoto yafaa ilingane na uwezo wa kuwatunza na kuwasomesha. UKIMWI ulipogunduliwa nchini mwaka 1983 mkoani Kagera, watu walinong'ona kwanza, lakini hatimaye walisema. Mwisho wa mwaka 1999 Rais Mkapa aliutangaza kuwa janga la taifa. Mwezi Julai 2007 Rais Kikwete na mkewe, Mama Salma, walipima virusi hadharani jijini Dar es Salaam, bega kwa bega, mbele ya macho ya wananchi.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba elimu haikutolewa. Sindano, vidonge, vipandikizi, vitanzi na kondomu vimefika hadi zahanati za vijijini. Hata hivyo, Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila wanawake 10 walioolewa, takriban 3 tu ndio waliokuwa wakitumia njia ya kisasa, na wengine wapatao 2 walitaka kupumzika au kukoma kuzaa lakini hawakuwa wakitumia njia yoyote. Zipo sababu kadhaa. Wengine huogopa madhara, wengine huishi mbali na kituo. Lakini ipo sababu moja ambayo Serikali haiwezi kuipelekea dawa wala gari, nayo ni ule umbali wa dhiraa moja uliopo kati ya mito miwili ya kitanda kimoja.

Tutazame jinsi mambo yanavyokwenda. Muuguzi yeyote wa kliniki ya mama na mtoto anamfahamu mwanamke anayechoma sindano ya miezi mitatu kwa siri. Ameichagua sindano kwa sababu haionekani. Vidonge vingekutwa chini ya godoro, na kipandikizi kingepapaswa mkononi. Kadi yake ameiacha kwa jirani. Mwanamke huyu si mwongo kwa tabia. Ni mtu aliyekosa mlango wa kusemea. Lakini siri yake haikai salama. Siku zake hubadilika, au zikakoma kabisa, jambo ambalo sindano hulileta mara nyingi. Mume huona mabadiliko hayo, naye hana wa kumuuliza, basi hujiundia majibu mwenyewe: mke ana maradhi, mke amerogwa, mke ana mtu mwingine. Na mwanamke akiacha sindano akitaka mtoto, huenda akangoja miezi mingi, hata karibu mwaka, kabla ya mimba kushika. Mganga anajua kwamba hilo ni jambo la kawaida. Mume asiyejua lolote huanza kulitamka neno tasa, na mashangazi wakaja kikao. Nyumba ngapi zimebomoka kwa jambo ambalo lingeelezwa kwa dakika tano?

Wala tusimfanye mume kuwa adui. Naye amelelewa kuamini kwamba mwanamume hujua kila kitu tangu kuzaliwa, kwa hiyo hana ruhusa ya kuuliza. Akisikia kwamba mwanamume aweza kufungwa mirija, hudhani ni sawa na kuhasiwa kama fahali. Hakuna aliyemwambia kwamba baada ya upasuaji huo mdogo nguvu zake hubaki zilivyokuwa na maji hutoka kama kawaida, ila hayana mbegu. Na kwamba hutakiwa kutumia kinga nyingine kwa muda wa miezi mitatu mpaka mbegu zilizobaki ziishe. Angeuliza wapi? Kliniki imeandikwa "Mama na Mtoto" mlangoni, na baba akiingia hutazamwe kama mtu aliyepotea njia.

Katika suala la UKIMWI madhara ya ukimya ni makali zaidi. Mama mjamzito hupimwa anapohudhuria kliniki. Basi mara nyingi yeye ndiye wa kwanza katika nyumba kuyajua majibu, na yeye ndiye anayeyabeba njiani peke yake kama mzigo wa kuni, akifikiri atautua wapi. Akisema, huambiwa kwamba yeye ndiye aliyeuleta. Akinyamaza, humeza dawa zake kwenye jiko la nje usiku. Nao mume hujipatia faraja ya uongo kwa kusema kuwa majibu ya mke ni majibu yake. Sivyo. Mume na mke waweza kuishi pamoja miaka mingi, mmoja akiwa na virusi na mwenziwe akiwa hana. Kila mmoja hana budi kupimwa kwa damu yake mwenyewe.

Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 humtaka mtu aliyepimwa na kukutwa na virusi amjulishe mwenzi wake mara moja. Sheria hiyo ina shabaha njema, lakini haiwezi kumpa mtu maneno ya kusema. Na leo sababu za kusema ni nyingi kuliko zamani. Mtu anayetumia dawa zake barabara, hata kiasi cha virusi kikawa hakionekani tena kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Mama anayetumia dawa aweza kuzaa na kunyonyesha mtoto asiye na virusi. Habari hizi njema zinamfaa tu yule aliyefungua kinywa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Siku hizi twaweza kuongeza kwamba asiyeyaficha huzeeka.

Watumishi wa serikali na walimu wana shida yao ya pekee ambayo haizungumzwi ipasavyo, nayo ni uhamisho. Mume yuko Dodoma, mke anafundisha Sumbawanga, na wanakutana likizo ya Juni na ya Desemba. Kwa simu huzungumza juu ya mifuko ya saruji, karo, na ugonjwa wa bibi kijijini. Hawazungumzi kamwe juu ya jinsi kila mmoja anavyoishi na upweke. Likizo ikifika, kila mmoja humwogopa mwenzake kidogo, lakini hakuna anayethubutu kutaja kipimo wala kondomu, kwa kuwa kutaja ni kutuhumu. Hapo ndipo ilipo hila yenyewe ya ukimya: humfanya mwenye tahadhari aonekane mkosaji.

Dawa ya hila hiyo ni kutangulia. Watu waliopatana kabla ya barua ya uhamisho kuanza kutumika kwamba kila likizo watapima pamoja, hawamtuhumu yeyote wanapokwenda kupima. Ni utaratibu, kama ilivyo kukagua hesabu za ofisi: mhasibu mwaminifu haoni kwamba ametukanwa mkaguzi anapofika. Vivyo hivyo kondomu. Wengi wameiweka katika fikra zao kama chombo cha wahuni, wakasahau kwamba hicho ndicho kifaa pekee kinachozuia mimba na maradhi kwa pamoja. Mume na mke wanaoitumia kwa ajili ya kupumzika kuzaa hawana cha kuonea aibu.

Lipo pia jambo la tatu, ambalo ni gumu kutamkwa kuliko uzazi na maradhi. Ni lile la kumwambia mwenzako yanayokupendeza na yanayokuumiza. Mwanamke aliyejifungua juzi huweza kupata maumivu, akayavumilia kwa kudhani kwamba ndoa ni kuvumilia. Mwanamke aliyefikia ukomo wa hedhi hupata ukavu na maumivu, akadhaniwa amechoka na mumewe. Mwanamume mwenye kisukari au shinikizo la damu huweza kupungukiwa na nguvu, na badala ya kumwambia mkewe na daktari, hununua vidonge asivyovijua kutoka kwa wachuuzi, kisha moyo ukamlipukia. Mwingine huhamia sebuleni na kusingizia mpira wa televisheni. Katika mambo yote haya, neno "hapana, leo sijisikii" au "hivyo naumia" ni neno la watu wazima wanaoheshimiana. Cheti cha ndoa hakiliondoi. Tendo lisilo na ridhaa ya wawili haliwi jema kwa sababu tu limefanyika ndani ya nyumba iliyotolewa mahari.

Wapo watakaosema kwamba mazungumzo haya ni ya kigeni na yanavunja mila. Wanaosema hivyo hawakuwasikiliza wazee wao vizuri. Somo na kungwi walikuwa na kazi gani? Unyago na jando vilifundisha nini, kama si mambo haya? Shanga za kiunoni zilikuwa lugha, na rangi zake zilikuwa na maana. Katika jamii nyingi baba alijitenga na mama wakati mtoto akinyonya, na kijiji kizima kilimcheka mwanamume ambaye mkewe alibeba mimba kabla mtoto hajaweza kukimbia. Wazee walisema mficha uchi hazai, na maana yake ilikuwa wazi kwa kila aliyesikia.

Tofauti ni kwamba wazee walikuwa na mjumbe. Mke alimwambia somo, somo akamwambia mjomba, mjomba akamwambia mume. Leo mwalimu aliyepangwa kazi mkoa wa mbali anaishi katika nyumba ya shule, yeye na mwenzi wake tu. Somo yuko maili mia nne. Nafasi yake imechukuliwa na simu ya mkononi, ambayo huwaonyesha vijana picha za uongo juu ya tendo la ndoa na kuwauzia dawa za uongo. Mjumbe akishakosekana, hapana budi wahusika wenyewe wasemezane. Kila mmoja awe somo wa mwenzake.

Wengine hutoa hoja ya dini, nayo yastahili kujibiwa kwa adabu. Katika Uislamu inasimuliwa kwamba masahaba walikuwa wakimwaga nje ili kuepuka mimba, na wanazuoni wengi waliweka sharti kwamba mke aridhie. Kanisa Katoliki, katika waraka wa Papa Paulo wa Sita wa mwaka 1968, lilikataa njia za kutengenezwa lakini likakubali wanandoa kuzifuata siku zisizo za rutuba pale wanapokuwa na sababu nzito. Njia zote mbili haziwezekani bila mazungumzo. Hakuna awezaye kuhesabu siku za mke wake asiyemuuliza siku zake. Mwumini anayejinyima vidonge kwa ajili ya imani yake anahitaji kuzungumza na mwenzi wake zaidi kuliko yule anayevimeza.

Sasa nifike kwenye neno ambalo hasa limenifanya niandike. Kampeni nyingi humwambia mwanamke, "Zungumza na mume wako." Ushauri huo si mbaya, lakini umeelekezwa kwa mtu asiyestahili kuanza kubebeshwa kazi hiyo. Mwanamke anayeanza mazungumzo haya aweza kuambulia kipigo, ingawa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imekwisha sema kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenziwe. Aweza kuitwa malaya. Aweza kurudishwa kwao na watoto wakabaki. Mume anayeanza mazungumzo hayo hayo hupoteza nini? Pengine huona haya kwa muda wa robo saa. Basi haki inadai kwamba wajibu wa kuanza uwe wa yule mwenye kidogo cha kupoteza. Mwanamume anayeninginiza ufunguo wa nyumba kiunoni na kujiita kichwa cha familia, na awe wa kwanza kufungua kinywa.

Na pale ambapo mume hawezi kuambiwa lolote bila kugeuka simba, tusimlaumu mwanamke kwa siri yake. Mtu mzima ana haki ya kupewa huduma ya uzazi wa mpango bila kuonyesha kibali cha mume, na muuguzi analazimika kumtunzia siri. Siri ya namna hiyo ni kinga. Lakini tusikubali iwe ndiyo desturi ya nyumba za watu waliosoma.

Mazungumzo yenyewe yaanze vipi? Yaanze mchana, watu wakiwa wamevaa nguo zao na hawana haraka. Yasianze wakati wa ugomvi, wala yasingojwe mpaka taa izimwe. Anayeanza aanze kwa kujieleza mwenyewe, asianze kwa kumhoji mwenzake. "Mama watoto, nimekuwa nikifikiri kwamba mdogo wetu bado hajaacha ziwa, na sijawahi kukuuliza wewe ungependa tupumzike muda gani." Akishauliza, angoje jibu, hata likichelewa hadi kesho. Aelewe kwamba wataalamu wa Shirika la Afya Duniani hushauri angalau miezi 24 ipite tangu kujifungua kabla ya mama kushika mimba nyingine. Kisha waende kliniki wote wawili, wasikie maelezo kwa masikio manne, waulize juu ya madhara, wachague. Na kwa kuwa mwili hubadilika na maisha hubadilika, wayarudie mazungumzo hayo mara kwa mara, kama wanavyorudia bajeti ya nyumba.

Vijana ambao hawajaoana wasidhani kwamba hayawahusu. Mwalimu kijana aliyepata kituo chake cha kwanza na mchumba wake wapaswa kuulizana maswali matatu kabla ya jambo lolote: tumepima lini, tutajikinga kwa njia gani, na mimba ikiingia tutafanya nini. Anayeona haya kujibu maswali hayo bado hajawa tayari kwa lile linalofuata.

Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu milioni 12.3 Tanzania Bara na Visiwani. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu milioni 61.7. Wapo wanaoifurahia idadi hiyo na wapo wanaoiogopa, na mjadala huo utaendelea bungeni na vyuoni. Huu wetu ni wa chumba kimoja na watu wawili. Si lazima ungoje semina, waraka wala posho. Mtumishi wa umma anayeyajua mambo haya kwa kazi yake ana deni kwa mtu mmoja kabla ya kuwa na deni kwa umma, na mtu huyo yuko nyumbani anangoja. Amlipe wiki hii.